Jina la Mama Lina Mwenyewe

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa hiyo ukiona karatasi imelowa usidhani nimelia. Mimi ni mzima. Miguu ndiyo imevimba, viatu vyangu vyote vimenikataa na sasa naenda kazini na ndala za shemeji yako. Wifi hajambo? Wanangu hawajambo? Ng'ombe je? Nawauliza na ng'ombe kwa sababu najua nisipowauliza utanuna mwezi mzima.

Saluni kazi haijapungua, mimi ndiye nimeongezeka. Tumbo limefika mahali kichwa cha mteja nakifikia kwa ubavu. Juzi nilimsuka mwalimu mmoja, mistari yote ikaelekea sikioni. Hakulalamika, alisema ni mtindo mpya. Bosi, yule mama mwenye saluni, amenipa kiti cha magurudumu, basi nasuka huku nateleza.

Ungekuwa na simu ningekwisha kukupigia, lakini tangu ile yako itumbukie kwenye ndoo ya maziwa ukaapa kwamba hutaki nyingine, tuendelee kuandikiana. Jambo lenyewe ni hili. Kipimo kimeonyesha ni msichana. Tulipotoka hospitali nikamwambia shemeji yako kwamba basi, kazi imeisha, jina tunalo, tutampa la Mama. Kaka, mtu aliyekuwa anacheka njia nzima alisimama ghafla. Kisha akasema, "Hilo hapana." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hilo tu ndilo hapana, mengine yote sawa, halafu akaanza kunieleza habari za nyaya za shaba.

Unamjua shemeji yako. Ni fundi umeme asiyejua kubishana, akikanyaga paka wa jirani anamwomba radhi kwanza paka, kisha jirani. Tangu anioe hajawahi kunikatalia kitu. Na Mama enzi za uhai wake alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, alikuwa anamfichia mapaja ya kuku huku mimi na wewe tunagombania shingo. Leo mtu huyo huyo hataki jina lake nyumbani. Nimeumia, sikufichi.

Naomba umwandikie. Wewe ndiye mkubwa wetu, na tangu alipokaa kwako mwaka jana kukuwekea taa zizini amekuwa akikutaja kila saa, kaka kasema hivi, kaka anafanya vile. Mwambie jina la Mama lazima apewe mtoto huyu. Neno lako atalisikia.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi, ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti na inanuka vitunguu. Nashukuru kusikia wewe ni mzima ukiacha miguu. Wifi yako anasema uinue miguu ukutani kila ukirudi kazini, na akaongeza kwamba ndala za mwanaume hazina adabu, ununue zako. Watoto hawajambo. Wa kwanza ameanza kuota ndevu tatu, anazihesabu kila asubuhi mbele ya kioo na kuchelewa shule.

Umeuliza ng'ombe, nami nitakujibu sawasawa. Yule mwenye pembe moja amezaa dume. Yule mwekundu ana kwato mbaya, namkanda kwa maji moto. Majani yapo ya kutosha. Mashine ya kukatia majani iliharibika mkanda, nikafunga kipande cha tairi, inafanya kazi ila inapiga kelele mpaka jirani kahamisha kitanda. Taa za shemeji zinawaka vizuri sana, sasa hatukamui kwa kupapasa. Paa la zizi nimelitengeneza upande wa mashariki, wa magharibi bado. Mvua si mbaya.

Kuhusu lile jambo la jina, majina ni mengi. Umefikiria la Bibi?

Msalimie sana shemeji, mwambie nasema yeye ni mwanaume.

Kaka yako


Tarehe 9 Aprili

Kaka,

Salamu. Wote wazima.

Nilikuomba neno, ukanipa kwato na mkanda wa mashine. Kurasa mbili za zizi, na mstari mmoja wa mtoto wangu. Na la Bibi unalitaja ukiwa na akili timamu? Bibi mwenyewe alilichukia jina lake, alilibadili mara mbili, na kufa alikufa akiitikia la tatu. Nimeisoma barua yako saluni kwa sauti, na wateja wote wamekubaliana kwamba unanipiga chenga.

Halafu hiyo salamu. Nilipomwambia shemeji yako kwamba umesema yeye ni mwanaume, aliinamisha kichwa na machozi yakamlengalenga. Kuna nini kati yenu?

Sasa sikiliza anayoyaleta. Kwanza alileta jina la msichana wa kwenye tamthilia, yule anayelia kila siku saa mbili kamili. Nikakataa. Akaleta jina alilolisoma kwenye boksi la feni. Nikamuuliza kama mtoto naye atakuwa na dhamana ya mwaka mmoja. Akaleta jina refu, kulimaliza unahitaji kupumua katikati. Kila nikikataa haguni wala hakasiriki, anarudi kazini, na jioni anakuja na lingine ameliandika kwa kalamu ya mafundi kwenye kiganja. Kujitahidi anajitahidi. Ila nikitaja la Mama tu, mdomo unashonwa.

Bosi anasema dalili hizo anazijua. Anasema mwanaume akikataa jina moja bila sababu, ujue kuna mwanamke aliyewahi kuitwa hivyo. Mwanzoni nilimcheka. Kisha nikakumbuka kwamba jina la Mama si la kizee, hata msichana wa rika letu anaweza kuwa nalo. Na nikakumbuka kwamba shemeji yako kabla hajanioa alifanya kazi mwaka mzima katika hoteli moja ambayo wahudumu wote walikuwa wasichana. Kaka, nimebeba mtoto wa mtu ambaye kila akimwita binti yangu angekuwa anamkumbuka mwanamke wa hotelini.

Wewe amekaa kwako wiki nzima, mmelala nyumba moja, mmekula sahani moja. Wanaume mkiwa juu ya ngazi huwa mnasemezana. Alikutajia mwanamke? Nijibu hilo tu. Ng'ombe uniletee kwenye barua nyingine.

Mdogo wako


Tarehe 1 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia, umeinua miguu, na hujafanya jambo lolote.

Hakuna mwanamke. Nakuapia kwa kila ninachokipenda. Shemeji yangu ni mtu safi, na mwambie huyo Bosi asuke nywele aache kusuka maneno. Najua kwa hakika kwamba hakuna mwanamke. Usiniulize nimejuaje. Najua tu, ndivyo ilivyo, na ningeomba neno langu likutoshe kama lilivyokuwa likikutosha ulipokuwa mdogo.

Kuhusu kukataa kwake, mtu anaweza kuwa na sababu nzuri asiweze kuisema. Hata kama ni nzuri sana. Hata kama si yake.

Wifi yako anakusalimia. Ameniambia niandike kitu fulani hapa, nimekataa, amesusa kunipakulia. Nimepakua mwenyewe.

Umesema nisikuletee ng'ombe, lakini hili ni la nyumbani kwa hiyo nalitaja kwa ufupi. Nimeona nimbadilishie jina yule mweupe. Lile la zamani naona halimfai tena. Sasa namwita Malkia. Ng'ombe mwenyewe amegoma. Namwita Malkia asubuhi na jioni, ananiangalia usoni kama mtu anayesubiri nimalize utani. Kusogea hasogei mpaka nimsukume kwa bega, na maziwa yamepungua hadi hayajazi ndoo. Daktari wa mifugo kamkagua mdomo, kwato na tumbo, kasema hana ugonjwa, ila kuna jambo limemkera. Sikumweleza. Nitaendelea kujaribu, nina imani kabla hujajifungua atakuwa amezoea, na hapo huenda na shemeji akalegea.

Kaka yako anayekupenda


Tarehe 12 Mei

Kaka,

Hujambo? Barua yako haijafika, nami sina subira ya kuingoja.

Sipo nyumbani. Nimehamia kwa Bosi, nalala chumba kimoja na vikaushio vya nywele vilivyoharibika. Juzi nilimkalisha shemeji yako kitini nikamuuliza waziwazi kama ana mwanamke au aliwahi kuwa na mwanamke mwenye jina la Mama. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza. Kisha akasema, "Kama kufikiri hivyo kunakusaidia kulala, fikiri. Mimi nimeapa, siwezi kusema." Nikamuuliza ameapa kwa nani. Akachukua bisibisi akaanza kufungua swichi ya ukutani ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hakukana. Umeiona hiyo? Mwanaume mwenye mwanamke huwa anakana mpaka povu linamtoka. Huyu hata hakujisumbua, alikubali nimfikirie vibaya kuliko kufungua mdomo. Nikakunja nguo zangu nikaziweka kwenye begi. Aliniangalia, kisha akanibebea hilo begi mpaka kwa Bosi kwa sababu daktari amenikataza kubeba vitu vizito. Mlangoni akaniuliza kama nimekumbuka vidonge vya damu.

Nimechoka, kaka. Sitaki mtoto huyu azaliwe kwenye chumba cha vikaushio. Nataka mume wangu, na nataka jina la mama yangu, na sioni kwa nini nichague kimoja. Mama hakuwahi kumwona mjukuu wake huyu. Jina ndilo pekee ninaloweza kumpa huku duniani, nami nalinyimwa bila hata sababu.

Daktari akiniruhusu kusafiri nitapanda basi nije kwako.

Mdogo wako

Nilikuwa nafunga bahasha kondakta akaleta ya kwako ya tarehe mosi. Nimeisoma ile sehemu ya "hata kama si yake" mara nyingi. Ngoja nifikiri.


Tarehe 13 Mei

Kaka,

Yule ng'ombe mweupe alikuwa anaitwaje?

Mdogo wako


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Nimepokea barua zako mbili siku moja. Ile ndefu niliisoma nikashika tama. Ile fupi wifi yako aliisoma yeye, kisha akaiweka mbele yangu juu ya meza, akatoka nje, na nikamsikia anacheka mpaka nyuma ya tangi la maji.

Ndiyo. Alikuwa anaitwa hivyo.

Sasa usiichane, soma mpaka mwisho. Ndama yule alizaliwa wiki tuliyomaliza msiba, nyote mkiwa mmeshaondoka. Nyumba ilikuwa kimya. Nikagundua kwamba hakuna tena anayelitaja jina la Mama. Majirani wakawa wanasema marehemu. Wifi yako anasema mama mkwe. Watoto wanasema bibi. Wewe ukiandika unaandika Mama. Na mimi pia nilikuwa nikimwita Mama tu, tangu nijue kusema, lakini nilizoea kulisikia, watu wakipita njiani wanaliita kwa sauti na yeye anaitikia kutoka jikoni. Likakatika siku moja kama halikuwahi kuwapo. Asubuhi moja nilikuwa zizini peke yangu, nikaliita. Sikuwa na maana yoyote, nilitaka tu nilisikie. Ndama akageuza shingo akaja.

Kesho yake nikaliita tena, akaja tena. Basi ikawa hivyo. Sikukaa nikapanga kumpa ng'ombe jina la mama yetu. Aliitika, nami nikashindwa kumwambia si wewe.

Taabu nimeipata ya kutosha. Wifi yako hajawahi kumkamua hata siku moja, anasema hawezi kushika matiti ya mama mkwe wake. Akiingia kwenye mboga zake hampigi, anasimama mbali anamwomba kwa heshima. Wageni wakija mimi namwita "wewe". Mwaka jana nilisahau kwamba shemeji yuko juu ya ngazi anafunga taa, ng'ombe akatia mguu kwenye ndoo, nami nikamfokea kwa jina lake kamili kwamba atoe mguu wake mchafu, la sivyo atalala njaa. Shemeji kidogo aanguke. Alishuka ngazi taratibu, kofia mkononi, akaangalia huku na huku akimtafuta mama mkwe wake. Nilimweleza kila kitu. Nikamwapisha pale pale asikuambie kamwe, maana niliona utaumia kwamba nimemvunjia Mama heshima. Akaapa. Sikujua anaapa kupoteza mke.

Rudi kwa mume wako leo. Mtu aliyekubali kusingiziwa mwanamke ili anifichie mimi aibu yangu, sitapata shemeji mwingine kama yeye. Na jina ni la mtoto, hakuna ubishi. Wewe ukisema nimuuze ng'ombe, nitamuuza aende mbali ambako hakuna anayetujua. Nitalia, lakini nitamuuza. Sema neno tu.

Kaka yako


Tarehe 16 Juni

Kaka,

Mpwa wako amezaliwa. Ana mdomo wa wifi yangu, sijui kaupitia wapi, na mikono mikubwa ya mafundi. Mimi ni mzima, miguu imeanza kurudi. Samahani nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli.

Barua yako ilinikuta naosha kichwa cha mteja. Nilicheka nikamwacha mama wa watu na povu machoni. Kisha nikakasirika. Mama yangu afokewe kwa sababu ya ndoo? Nikakuandikia maneno makali, nikayachana. Nikarudia kusoma pale uliposema ulitaka tu kulisikia, na hapo sikucheka wala sikukasirika. Bosi akanifungia begi mwenyewe, akasema hajawahi kuharibikiwa na nadharia nzuri namna ile.

Shemeji yako nilimkuta amefungua swichi zote za nyumba na kuzirudisha. Nikamwambia, najua, ni ng'ombe. Akakaa chini sakafuni akapumua kama mtu aliyetua gunia. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikataa kabisa, si ungekubali tu ukanyamaza? Akasema aliogopa siku binti yake atakapokwenda likizo kwa mjomba, aamke asubuhi asikie anaamriwa atoe mguu wake mchafu kwenye ndoo. Nikampa barua yako aisome. Alikwenda kuisomea dirishani, akairudia mara mbili.

Nikamwambia jina nimemwachia yeye, mimi nimegombana vya kutosha. Na nilikuwa nasema kweli, kaka. Nilishakata tamaa, nilishajizoesha hata lile la kwenye boksi la feni.

Mtoto alipozaliwa muuguzi alimfuta, akamfunga, akauliza tumwite nani. Nilimwangalia shemeji yako. Alikuwa amemshika mtoto kama nyaya zisizo na mpira. Akalisema. Jina la Mama, lote, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu jirani.

Niliangua kilio hadi muuguzi akadhani nimechanika mahali. Kaka, sikuwa nimelisikia tangu tumzike. Miezi yote hii nimelipigania, nimehama nyumba kwa ajili yake, nikaandika "jina la Mama, jina la Mama" kwenye kila karatasi, na hata mara moja sikuwa nimelitamka. Nilisahau lina sauti gani. Hapo ndipo nilipokuelewa wewe na zizi lako, na nikakuonea wivu, kwamba mwenzangu umekuwa nalo kila asubuhi wakati mimi sina kitu.

Usimuuze ng'ombe. Mrudishie jina lake, ale, ashibe. Shemeji yako anasema mtoto na ng'ombe watagawana, ila wewe ujifunze kufoka bila kutaja mtu.

Na uje. Acha zizi kwa wifi kwa siku chache, akiona aibu kumkamua mama mkwe aite jirani. Ukifika usikae sebuleni kungoja nikuletee mtoto. Ingia chumbani, simama mlangoni, umwite kwa jina lake. Hatageuka, shingo yake bado haijakaza, na huenda akaendelea kulala. Lakini mimi nitakuwa jikoni, kaka, na nitasikia.

Mdogo wako